Kinu Kimekwisha

Mahongole, Makambako
12 Septemba 1954

Kwa dada yangu Dorika,

Kamwene, dada. Sisi huku wazima. Mama mzima, mbuzi nao wazima, isipokuwa yule wa pembe moja ambaye sasa hana hata hiyo. Shemeji Hezekia na cherehani yake hawajambo? Na watoto je?

Ama baada ya salamu, kiti chako cha harusi karibu kitakwisha. Usicheke. Najua harusi yenyewe ina miaka minane, lakini ubao mzuri hautaki haraka.

Sababu ya barua hii si kiti. Nilipeleka viazi misheni, nikaona kinu kinachosaga mahindi kwa nguvu ya maji. Hakuna anayetwanga, hakuna anayepiga magoti kwenye jiwe. Maji yanapita zake, unga unatoka. Nilisimama pale mpaka viazi vikanisubiri mimi. Sasa najenga kinu kama kile kwenye sehemu ya Baba, kando ya kijito.

Tena ni lazima nijenge. Jirani yetu Tarsis amekwenda kwa Jumbe Enoki kuomba sehemu ile alime vinyungu vyake vya kiangazi, matuta ya bondeni ya kabeji na njegere. Amesema tangu Baba afariki ardhi imelala bure. Jumbe akaniita barazani akasema, "Mika, nakupa mpaka mahindi ya mwakani yavunwe. Nikikuta kinu kinasaga, sehemu ni yenu. Nikikuta kinu karibu kinasaga, nampa Tarsis." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Unajua wananiita Bwana Karibu. Wageni wanaopita hudhani ni kwa ajili ya ukarimu wangu.

Ramani ya kinu tayari ninayo, iko kichwani.

Mimi ndugu yako mdogo,
Mika


Njombe
3 Oktoba 1954

Mdogo wangu Mika,

Salamu zimefika, na mbuzi nimempa pole. Sisi hatujambo. Hezekia anashonea wanafunzi kaptura, na watoto wake mwenyewe wanakua nje ya nguo zao kabla hajawafikia.

Umeniambia ramani iko kichwani. Huko kichwani, Mika, kuna msongamano. Kuna mzinga wa nyuki usio na mfuniko. Nyuki walikuja, wakatazama, wakaenda kwa watu wengine. Kuna banda la kuku lisilo na mlango, ambalo chui alilisifu sana. Kuna ngazi ya vipago viwili. Na kiti changu mimi nilikiona mwaka juzi nilipokuja kumsalimu Mama: miguu mitatu, kimegeuzwa juu chini, kuku ametagia ndani yake.

Lakini hili la sehemu ya Baba halinichekeshi. Baba alifyeka mahali pale kwa mikono yake, wewe ukiwa mgongoni kwa Mama, mimi nikimpelekea maji ya kunywa. Nikija Mahongole nikakuta kabeji za mtu juu ya jasho la Baba nitalia, nakwambia kweli, na nitalia nikikutazama wewe.

Basi sikiliza. Nimekujua tangu zamani. Ukipata wazo unalitangaza kwa watu, watu wanakusifu, na sifa ukishakula huna njaa tena ya kazi. Tangu leo usimsimulie mtu. Niandikie mimi. Andika ulichofanya, si utakachofanya. Andika kama unamwelekeza mtu asiyekuwapo, ili hata ukifa kesho mwingine ashike alipo. Mwalimu wetu alikuwa akisema, somo usiloweza kumweleza mwenzako hujalisoma. Na kazi ni hivyo hivyo: usipoweza kuieleza, hujaimaliza.

Neno "karibu" nimelipiga marufuku, isipokuwa mlangoni.

Dada yako,
Dorika


Mahongole
20 Novemba 1954

Dada yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Huku upepo wa Makambako umeng'oa paa la jikoni, lakini Mama anasema jiko sasa linapata hewa. Tu wazima.

Umetaka niandike nilichofanya, basi nashika kalamu kwa fahari. Gurudumu nimelitengeneza kwa mbao za mti wa mwati, limesimama wima juu ya kijito, refu kunizidi mimi. Kuzunguka ukingo wake nimefunga mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia pombe ya ulanzi, ili vichote maji, vikiwa vizito viteremke. Mbeta nyingine zilikuwa za Tarsis, zilichanganyika na zangu kwa bahati mbaya. Hazikuwa zimeoshwa. Bata wa Mama walikunywa maji yaliyopita pale, na mpaka jioni walikuwa wanatembea kinyumenyume.

Mawe nimechonga mawili. La chini limelala limetulia. La juu litalala juu yake na kuzunguka. Kazi ni kama imekwenda, sitaki kutumia lile neno ulilokataza.

Mama anataka niongeze maneno yake, na anasema niyaandike yalivyo: "Dorika mwanangu, gurudumu ni zuri. Mimi bado nasaga kwa magoti."

Mimi ndugu yako,
Mika


Njombe
11 Desemba 1954

Mika mdogo wangu,

Hujambo? Mama na bata wake hawajambo? Hapa mvua inanyesha, na matope ya Njombe yamekula kiatu changu kimoja mbele ya soko, watu wakishuhudia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua sahani. Nilisimamisha sahani moja wima kwa mkono huu, nikalaza nyingine mezani. Gurudumu lako limesimama. Jiwe lako limelala. Sasa nieleze kama unavyomweleza mjinga, maana sikusomea vinu: kilichosimama kinakizungushaje kilicholala? Nimezungusha sahani hizi mpaka Hezekia akauliza kama chakula ni hicho.

Nijibu kwa maandishi. Usiniambie "utaona ukija".

Dada yako,
Dorika


Mahongole
15 Januari 1955

Dada Dorika,

Heri ya mwaka mpya. Imechelewa kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na mtu hawezi kumwombea heri mtu anayemkasirikia. Sasa imepita. Sote wazima.

Barua yako ilinikuta nakula. Nikacheka, nikamwambia Mama, "Dada anauliza gurudumu lililosimama linazungushaje jiwe lililolala." Mama akasema, "Linazungushaje?" Nikaona nichukue kalamu niwajibu ili mnyamaze wote wawili.

Nikaandika: Maji yanapiga gurudumu. Gurudumu linazunguka. Mti wa katikati unazunguka nalo. Halafu.

Dada, nilipofika "halafu" kalamu ikasimama. Nikaenda kupasua kuni. Nikarudi nikaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, nikidhani kosa ni mwandiko. Maji yanapiga, gurudumu linazunguka, mti unazunguka, halafu. Nikapasua kuni tena. Mama alifurahi sana wiki ile, kuni zilijaa mpaka ukumbini. Ndipo nikaelewa kwamba kule misheni lazima kulikuwa na magurudumu ya meno chini ya sakafu, yanayopokezana, na mimi sikuyaona kwa sababu nilikuwa natazama unga.

Meno ya chuma sina. Ya mti yangekatika. Basi nimelilaza gurudumu. Limelala chali kama sinia, mti wake umesimama wima, unapita kwenye tundu la jiwe la chini, na kichwani pake umekalisha jiwe la juu. Mbeta nimeziondoa, nimeweka mbao pana. Maji yanashuka kwa kasi kwenye gogo lililochongwa mtaro na kuzipiga ubavuni. Gurudumu likizunguka, jiwe linazunguka.

Hakuna halafu.

Mbeta nimemrudishia Tarsis. Alizihesabu mbele yangu, akazinusa, akasema moja si yake.

Ndugu yako,
Mika


Njombe
12 Februari 1955

Mika,

Sisi wazima, na leo nina furaha, kwa hiyo salamu ni fupi. Barua yako niliisoma kwa sauti. Hezekia aliacha kushona, na nilipofika "Hakuna halafu" akapiga meza, sindano zikamwagika. Mpaka sasa tunazipata kwa nyayo.

Unaona? Gurudumu lilikuwa limekosewa tangu Novemba, na wewe na macho yako yote mlikuwa mnalitazama. Kalamu ndiyo iliyoona. Sasa tusiache hapo. Nina maswali matatu.

Unga ukitoka kati ya mawe unaanguka wapi, na udongo hauingii? Mahindi yanaingiaje jiwe likiwa linazunguka, au Mama atapeleka vidole? Na la tatu: kijito kikijaa mwezi wa tatu, kinu kitakuwa wapi?

Jogoo wetu mwekundu unamkumbuka, yule aliyekufukuza ulipokuja na suruali mpya. Siku utakayoniandikia "kinu kimekwisha", bila "karibu" mbele wala nyuma, siku hiyo namchinja, na habari nampelekea jumbe mimi mwenyewe.

Dada yako anayekupenda,
Dorika


Mahongole
5 Machi 1955

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa Mama, na kwa jogoo mpe pole mapema.

Swali la kwanza. Mawe nimeyazungushia ukingo wa mbao, nikaacha mlango mmoja upande wa mawio, na unga utatokea hapo na kuingia kwenye ungo. Nilipokuwa naandika sentensi hii niligundua ukingo hauna sakafu. Nimeacha barua, nimekwenda kuweka sakafu, nimerudi. Swali la pili. Juu ya jiwe nimening'iniza kisanduku chenye tundu, na kijiti kinachogusa jiwe. Jiwe likizunguka linatikisa kijiti, kijiti kinatikisa kisanduku, mahindi yanadondoka yenyewe kidogo kidogo. Vidole vya Mama viko salama.

La tatu sitapoteza wino. Kijito hiki nakijua tangu nilipokuwa naoga uchi. Hayo ni mashaka ya watu wa mjini wanaomezwa viatu sokoni.

Juzi tulifungulia maji kidogo tu kujaribu. Jiwe lilizunguka, dada! Mama aliweka mkono kifuani akasema neno moja kwa Kibena ambalo tangu kuzaliwa kwangu sijamsikia akilisema kwa jambo nililolifanya mimi. Sikulala kwa furaha.

Ndugu yako,
Mika


Mahongole
2 Aprili 1955

Dada,

Kinu kimekwisha.

Mika


Njombe
14 Aprili 1955

Mika! Mdogo wangu! Mtoto wa Mama!

Leo salamu zinipite, Mungu atanisamehe. Barua yako ilifika Ijumaa Kuu. Hakuna "karibu"! Nimeigeuza nyuma, nimeitazama kwenye mwanga, hakuna "karibu" popote! Na ufupi wake! Nikamwambia Hezekia, tazama, mtu aliyemaliza kazi hana maneno mengi. Amekuwa mtu mzima.

Jogoo tumemla siku ya Pasaka. Alikuwa mgumu, lakini tulimla kwa shangwe, na majirani wakapewa mchuzi pamoja na habari.

Tena sikiliza. Jana Jumbe Enoki alikuwa hapa bomani kwa baraza. Nilimngoja nje juani na barua mkononi, nikamwonyesha. Akaisoma, akavua kofia. Akasema, "Mika wetu? Bwana Karibu?" Nikasema, huyo huyo, na hilo jina sasa mlizike. Amesema atakuja na wazee Jumamosi tarehe 16 Julai, mahindi yakishakauka, aone kinavyosaga, na siku hiyo hiyo atatamka juu ya sehemu ya Baba mbele ya Tarsis. Mimi nitakuja na mahindi yangu.

Nimetembea Njombe nzima kichwa juu. Kama Baba angekuwapo!

Dada yako mwenye fahari,
Dorika


Mahongole
24 Aprili 1955

Dada yangu mpendwa sana,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza. Shemeji na watoto nawasalimu mmoja mmoja, na jogoo namkumbuka kwa heshima.

Naomba kuuliza jambo dogo la Kiswahili. Wewe ulisoma mbele kuliko mimi. Mimi shule nayo nilikaribia kuimaliza. Mtu akikuambia "sukari imekwisha", dada, unachinja jogoo?

Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua. Kijito kikavaa sura nisiyoijua. Kilibeba mfereji, kikabeba gogo, kikabeba gurudumu likiwa bado linazunguka, tena kwa kasi nzuri kuliko siku zote. Nilikimbia nalo ukingoni mpaka nikaanguka. Jiwe la chini limebaki. La juu liliviringika hadi kwa Tarsis, likasimama mlangoni pake kama mgeni. Amelifanya kiti. Anasema hata maji yanajua mali ni ya nani.

Nilipokuandikia sikuwa na nguvu ya neno la tatu. Nilidhani utalia. Badala yake umealika wazee.

Mama anasema niandike hivi: "Dorika, kinu kimekwisha kwa maana ya kwisha."

Ukitaka, nitakwenda kwa jumbe kesho nimweleze, na Tarsis alime. Niandikie neno moja tu. Nisamehe.

Ndugu yako,
Mika


Njombe
5 Mei 1955

Mika,

Sijambo, kama mtu anaweza kuwa hajambo. Nilikaa kama ulivyoagiza. Nilikaa siku nzima.

Jogoo hafufuki. Majirani mchuzi wamekwisha kunywa, na hiyo "kwisha" sote tunaielewa. Kwanza nilikasirika na wewe, halafu na mimi, halafu na Waswahili wa pwani waliotuletea neno moja la kumaliza na la kuangamia. Kwa Kibena usingenipata hivi!

Usiende kwa jumbe. Jioni nilitoa barua zako kwenye mkebe wa vitambaa ili nizichome, nikazisoma kwanza nizidi kupata hasira. Hasira haikuja. Gurudumu limo. Mbao zake, mti wake, tundu la jiwe, kisanduku, kijiti, ukingo, hata sakafu uliyoikimbilia katikati ya sentensi, vyote vimo. Maji hayakuchukua kinu chote, Mika. Kinu kiko hapa mezani kwangu, kimekunjwa ndani ya bahasha.

Nakurudishia barua zote, isipokuwa ile ya maneno mawili, kwa mkono wa dereva wa lori la viazi. Zitunze, nazitaka tena. Usianze upya, mdogo wangu. Miezi ile yote uliyokuwa unakosea na kurudia hutairudia, kwa sababu makosa umeshayaandika. Fuata tu maneno yako mwenyewe.

Lakini kabla hujashika jembe, kaa ujibu swali langu la tatu. La mtu wa mjini.

Dada yako bado,
Dorika


Mahongole
12 Juni 1955

Dada Dorika,

Salamu na heshima. Baridi ya huku inauma masikio, Mama mzima, na mimi mzima kuliko nilivyostahili.

Swali la tatu. Kinu nimekitoa kwenye ukingo wa kijito, nimekipandisha juu penye mianzi ya Baba, mahali mafuriko hayakufika. Maji yanaletwa kwa mfereji. Mfereji una ubao wa kufungia, na kabla ya ubao kuna njia ya pembeni, ili maji yakizidi yarudi kijitoni na kutuacha salama. Nimeandika hivyo mara tatu, na hakuna mahali kalamu iliposimama.

Barua zangu anazishika Mama. Hajui kusoma, lakini zimo katika mfuko wa kanga yake, na nikikosea ananinyooshea akisema, "Barua inasemaje?" Nasoma, nakuta barua iko sahihi, mimi ndiye nimepotoka. Ni jambo gumu, dada, kugombezwa na mwandiko wako mwenyewe.

Likabaki jiwe. Nilikwenda kwa Tarsis. Alikuwa amelikalia, na alikataa akiwa amelikalia. Akasema mto umempa. Mkewe Oktavia alikuwa pembeni kwa magoti, anasaga. Akauliza, "Hilo jiwe ni la nini?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, maji, gurudumu, mti, jiwe, mpaka unga kwenye ungo. Akasimama, akapangusa magoti, akamwambia mumewe, "Baba Dionis, ondoka juu ya unga wangu."

Tarsis mwenyewe alisaidia kuliviringisha. Alinung'unika njia nzima.

Sitasema kinu kimefikia wapi. Nachelea maneno.

Ndugu yako,
Mika


Njombe
2 Julai 1955

Mika mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Hapa hatuko vizuri. Mama mkwe ameshikwa na kichomi, pumzi zake ni za kuhesabu, na mimi ndiye ninayemgeuza. Siwezi kuja tarehe kumi na sita. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kumgeuza.

Kwa hiyo siku ile kwangu haitakuwapo mpaka uiandike. Usinipe neno moja. Nipe yote. Iandike hata kama ni mbaya.

Dada yako,
Dorika


Mahongole
17 Julai 1955

Dada yangu,

Mama mkwe anaendeleaje? Kanisani tumemwombea leo. Naandika mikono ikiwa bado myeupe, usishangae karatasi.

Walikuja. Jumbe Enoki, wazee, na nusu ya Mahongole waliokuja kumcheka Bwana Karibu. Tarsis alivaa koti kabisa, kama mtu anayekuja kupokea kitu. Jumbe akasema, "Nimekuja kuona kilichokwisha."

Mahindi ya kwanza yalikuwa ya Oktavia, ndivyo tulivyopatana juu ya jiwe. Aliyamwaga kwenye kisanduku. Nikainua ubao. Maji yakateremka, yakapiga, na hakuna kilichozunguka. Mtu nyuma akasema, "Karibu," na watu wakacheka. Dada, nilitaka kijito kinibebe na mimi. Mama akapenya katikati ya watu, akatoa barua kwenye kanga, akanipa mbele ya jumbe. "Inasemaje?" Nikasoma kwa sauti: maji, gurudumu, mti, tundu, jiwe, kisanduku, kijiti. Nilipofika kijiti nikatazama. Katika pilikapilika Tarsis alikuwa ametundika kofia yake juu ya kisanduku, na upindo wake umenasa kati ya kijiti na jiwe.

Nikaitoa kofia. Likazunguka.

Mlango wa unga uko upande wa mawio, niliandika hivyo mwezi wa tatu. Lakini jumbe hajasoma barua zetu, na kwa baridi ile alikuwa amesimama upande huo akiota jua. Kasi ilikuwa kubwa kuliko ungo. Unga ulimfunika kuanzia kofia hadi viatu. Jumbe akalamba mdomo wa juu. Akatafuna. Akaniuliza, "Mika, hiki kinu kimekwisha?"

Nikashindwa kujibu! Neno lile, dada, sikuweza kulitamka. Mama akanijibia kwa sauti ya kuitia mbuzi: "Kinasaga!"

"Kinasaga," jumbe akasema, "na sehemu ni ya watoto wa marehemu." Oktavia akapiga vigelegele kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu. Tarsis ameuliza kama nitamwandikia jinsi ya kujenga cha kwake huko chini. Nimeanza leo. Simsimulii, namwandikia.

Jioni Mama alikuta jiwe lake la zamani jikoni, akaliangalia sana, halafu akaligeuza akaanikia mboga juu yake. Natamani ungekuwapo. Sasa umekuwapo.

Ndugu yako,
Mika


Mahongole
18 Septemba 1955

Dada Dorika,

Nafurahi kusikia mama mkwe sasa anagombeza watu. Ni dalili ya uzima. Sisi hatujambo, na bata hawajanywa tena.

Leo lori la viazi linakuletea mzigo uliofungwa kwa gunia. Ni kiti chako. Kina miguu minne, mgongo, na sehemu za kuwekea mikono. Mguu wa nne ulinishinda miaka yote kwa sababu kila mara niliupima kwa macho. Safari hii niliandika kwanza, na sentensi ya mguu ilinichukua Jumapili nzima. Tena nitakuambia jambo: nilikuwa naogopa kidogo kwamba kiti kikifika hutakuwa na cha kunigombezea, na barua zako zitapungua.

Neno la kusema juu yake nakuachia wewe. Mimi limeshanipa hasara.

Ndugu yako,
Mika


Njombe
1 Oktoba 1955

Mika,

Kiti kimekwisha.

Dorika

Nimekuacha uteseke mstari mmoja, kama ulivyonitesa. Sasa pumua. Kimefika kizima, na sijaruhusu mtu mwingine akikalie. Hezekia anakizunguka tu. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, kiliyumba. Nikachukua ile barua yako ya tarehe 2 Aprili, yenye maneno mawili, nikaikunja mara nne nikaiweka chini yake. Kimetulia kabisa. Nakuandikia nimekikalia.

Mzinga wa nyuki bado hauna mfuniko. Kesho anza kuniandikia.

Dada yako